Katibu na Nyumba ya Kwenye Picha

Kwetu kila mtu ana jambo la kumsifia Katibu. Hata mimi ninalo, na nitalisema, lakini nisingependa msomaji afike katikati ndipo agundue kwamba nina hasira naye. Ninayo. Nimejaribu kuiacha kanisani, nimejaribu kuiacha njiani, na kila mara imenifuata hadi nyumbani ikakaa nami mezani.

Alikuwa binamu ya marehemu baba, kwa hiyo kwangu mimi ni baba mdogo, ila watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Katibu. Umoja wa familia yetu ulikuwa na mwenyekiti aliyesinzia kila kikao, basi Katibu ndiye aliyekuwa umoja wenyewe. Alikuwa karani wa kinu cha pamba Homa Bay mpaka kinu kilipofungwa. Akarudi nyumbani, karibu na Sindo, akiwa na safu ya kalamu kwenye mfuko wa shati na suruali yenye mstari wa pasi hata siku ya kuchimba mihogo. Mambo yakimchachia alisema neno moja, "Tuendelee," hata kama hapakuwa na kikao. Niliwahi kumsikia akimwambia hivyo ng'ombe aliyegoma kuvuka mto.

Kaka yangu mkubwa alikuwa Amerika akisomea kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya tisini alitengeneza tovuti ya familia, akaandika kwamba anataka habari za nyumbani za kawaida kabisa: nani amejifungua, mahindi yamefika wapi, paka wa bibi yuko hai au la, ili watu wetu walio Nairobi, Mombasa na ng'ambo wasipoteane. Sisi wa nyumbani hatukuwahi kuiona tovuti hiyo kwenye kompyuta. Kwetu tovuti ilikuwa bahasha. Katibu alikusanya habari, akazipeleka Homa Bay zikapigwa chapa na kutumwa kwa faksi. Kaka akaziweka kwenye mtandao, kisha akazichapisha kwa rangi kwenye karatasi nene na kuturudishia kwa posta. Habari za kuku wetu zilikwenda Amerika zikarudi zimevaa suti, nasi tukakaa kuzisikiliza kana kwamba kuku ni wa watu wengine.

Kukusanya habari alikujua. Alizunguka boma kwa boma kwa miguu, jua au mvua, na hakukubali kuhadithiwa kitu ambacho angeweza kukiona mwenyewe. Siku moja nikiwa nyumbani alimbana shemeji yangu mmoja.

"Unasema vifaranga nane. Mbona mimi naona saba?"

"Mwewe amebeba moja asubuhi, Katibu."

"Basi ni saba. Watu wa Amerika hawadanganywi."

Akaandika saba. Ninaikumbuka sentensi hiyo kuliko zote alizowahi kusema, na kila nikiikumbuka meno yananiuma.

Sasa lile la kumsifia. Wazee walitaka tovuti iwe ya wana wa kiume na wake zao tu, kwa sababu binti akishaolewa habari zake ni za huko alikoenda. Katibu aliwakatalia mbele ya watu. Mimi niliolewa Migori mjini, na wazee walikuwa wamenihesabu kama mgeni wa Krismasi. Alisema, "Huyu ni damu yetu hata akiwa Migori, hata akiwa mwezini. Ataandikwa." Nikaandikwa. Kifungua mimba wangu alipozaliwa, jina lake lilirudi kutoka Amerika kwa wino wa buluu, na mume wangu aliikata karatasi ile akaibandika ukutani. Kwa hilo Katibu alikuwa jasiri kuliko ndugu zake wote. Mtu mwenye ujasiri huo ungetarajia autumie mahali pengine pia.

Lakini alikuwa na sheria yake: habari njema tu. Ng'ombe wetu hawakufa, "walipungua." Mtoto aliyeanguka mtihani "alikuwa anajipanga upya." Binamu yetu aliyewekwa ndani kwa kupigana na wavuvi wenzake kisiwani Remba aliandikwa kwamba "bado yuko Remba kwa shughuli zake." Tulicheka sana siku ile. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa upole, akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Mtu ako mbali, baridi inamuuma, anafungua websaiti ya kwao. Unataka apate nini? Matanga? Hii ni habari ya kwenda Amerika, haiwezi kwenda bila viatu."

Nitawaeleza sasa kuhusu paa la mama yangu, nanyi mpime viatu hivyo.

Baba alipofariki, Mama alibaki katika nyumba ya nyasi ambayo baba alikuwa amepanga kuibomoa. Kwa mila zetu mjane hurithiwa: ndugu wa marehemu, yule tunayemwita jater, humchukua, na huyo ndiye anayegusa paa lake na kumjengea. Kabla hajarithiwa, hakuna mtu wa ukoo anayethubutu kupanda juu ya nyumba yake, hata mwanawe wa kumzaa, kwa kuogopa chira, ile laana inayokausha watu na mifugo. Mama alikuwa ameokoka. Aliwaambia wazee kwamba yeye ana mume mmoja na amelala pale uani, na hatafuti mwingine. Wazee hawakumfokea. Walikwenda zao wakakaa, wakangoja mvua iwasaidie kumshawishi.

Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Hapakuwa na mtu wa kumpiga wala wa kumtukana. Walipita mbele ya nyumba yake wakamsalimia vizuri, wakaangalia nyasi zilivyooza, wakaenda zao. Kila masika Mama alisogeza kitanda. Ukutani palikuwa na michirizi ya maji meusi, na Biblia yake aliihifadhi ndani ya debe la unga lenye kifuniko.

Na Katibu alikuwa anaingia humo ndani. Nilikuwepo Jumamosi moja mvua ikinyesha, yeye ameketi kwenye kigoda akimuuliza Mama juu ya mbuzi.

"Nyar Kisegi, yule mbuzi mweupe amezaa?" Alimwita hivyo, binti wa Kisegi, maana Kisegi ndiko alikozaliwa.

"Amezaa mapacha, yuora," Mama akamjibu, kama mwanamke anavyomwita shemeji yake. "Lakini huyo mmoja analala kwa maji. Kama vile mimi."

Tone likaanguka kwenye karatasi yake. Akakisogeza kigoda. Likaanguka jingine, akakisogeza tena, akakunja kiganja juu ya karatasi kuikinga, akaendelea kuandika. Nilisimama nyuma yake nikasoma: *Mbuzi wa Nyar Kisegi amezaa mapacha. Nyar Kisegi hajambo.*

"Baba, andika na paa," nikasema.

"Paa si habari, nyar owadwa. Paa ni maneno ya ndani." Nyar owadwa, yaani binti wa ndugu yetu, ndivyo alivyoniita. Akafunika kalamu. "Tuendelee."

Basi nikaandika mimi. Nilimwandikia kaka barua kutoka Migori, nikamweleza kila kitu, kitanda, ukuta, debe la Biblia, wazee. Nilitaka atoe sauti yake ya mwana mkubwa, awaambie wazee wamwache Mama na waache watu wa nje wamwezekee. Jibu lake likaja. "Dada, nimesoma kwenye ukurasa kwamba Mama hajambo. Katibu yuko pale kila siku, wewe uko Migori. Usije ukawa unaongeza chumvi kwa sababu una uchungu." Nililisoma nikiwa nimesimama sokoni na nusura nilirarue. Mtu aliyehesabu vifaranga kwa uaminifu vile, nani angemdhania uongo? Alikuwa amejenga jina lake kwa kuku, akalitumia kumzika mama yangu.

Hata hivyo kaka hakulala usingizi mzuri. Alimwomba Katibu picha ya nyumba ya Mama.

Katibu akamwita mpiga picha kutoka Sindo. Akamwambia Mama avae nguo yake ya kanisani, aje bomani kwake, kwa sababu kwa Mama miti inaziba mwanga. Mama akaenda na kitambaa cheupe kichwani, moyo kwatu kwamba mwanawe atamwona. Akasimamishwa mbele ya nyumba ya mabati yenye mlango wa buluu. Hiyo ilikuwa nyumba ya Katibu na mkewe. Katibu mwenyewe akasimama pembeni, kofia mkononi. Picha ikawekwa kwenye bahasha ikaenda.

Ilirudi Desemba, wakati watu wa Nairobi wamekuja nyumbani. Kikao kilikuwa kwa Katibu, tumekaa nje mbele ya mlango uleule wa buluu. Alikuwa na desturi ya kutofungua bahasha ya Amerika mpaka watu wote wakae, ili asishukiwe kwamba amechuja kitu. Akaifungua kwa kisu cha mezani, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti yake ya ofisini. Mahindi. Ndama. Mtoto aliyebatizwa. Halafu akainua picha watu waione, akasoma maneno ya chini yake, maneno aliyoyatunga yeye mwenyewe: "Mama mbele ya nyumba yake mpya."

Mama aliitazama picha, akautazama mlango.

Mwishoni kaka alikuwa ameweka salamu za ndugu walioutembelea ukurasa. Katibu akaziparamia bila kuzipitia kwanza. "Shangazi wa Mombasa anasema, tumefurahi kusikia Nyar Kisegi amekubali hatimaye, na amejengewa. Mungu ambariki Katibu kwa kuchukua jukumu la ndugu—"

Hapo akavua miwani.

Yeye, aliyejua mila zote kwa mpangilio, alisahau jambo ambalo mtoto wa kwetu analijua. Mjane akiwa na nyumba mpya, basi ana jater. Hakuna nyumba bila mtu aliyeijenga. Na kila ndugu aliyewahi kufika nyumbani aliujua mlango wa buluu, akamwona na Katibu amesimama hapo na kofia yake. Uongo alioutunga ili kaka asiwe na wasiwasi ulikuwa umetangaza kwa ukoo mzima, katika mabara mawili, kwamba mama yangu amerithiwa na Katibu.

Mke wa Katibu alikuwa anagawa chai. Aliiweka birika chini, akaingia ndani, akaufunga ule mlango. Vijana wa Nairobi wakaanza kukohoa ili wasicheke. Mama akasimama.

"Yuora, chukua kalamu. Andika Nyar Kisegi hana jater. Andika nyumba yake inavuja. Na hii ya kwenye picha ni yako na bibi yako."

"Nimesikia, Nyar Kisegi. Itaandikwa."

"Andika sasa."

"Tuendelee," akasema Katibu, akakunja karatasi.

Hakuandika. Zamu iliyofuata ya faksi nilimfuata Homa Bay, nikamkuta kwa mpiga chapa akisubiri. Alinionyesha kiti kama mwenye ofisi.

"Umekunywa chai?"

"Sikuja chai, Baba. Nimekuja uandike ile ya Mama."

"Nikiandika hiyo nyumba ni yangu, ndugu yako ataona mimi ni mtu wa uongo. Halafu websaiti yote itakuwa uongo. Hata kuzaliwa kwa mtoto wako itakuwa uongo. Unataka hivyo?"

"Na jina la Mama?"

Akashusha sauti, akaniinamia kama anayenipa zawadi. "Jina lake liko na shida gani? Watu wamefurahi. Wazee wameacha kumsumbua, umeona? Sasa hata mimi naweza kuja na mabati zangu nimwezekee hiyo nyumba yake, na hakuna mtu atasema kitu. Si wanajua tayari?"

Nilimwangalia usoni nikitafuta hila, na sikuiona. Naapa sikuiona. Uso wake ulikuwa uleule uliosema binti aandikwe hata akiwa mwezini. Alikuwa amemposa mama yangu kwa faksi, bila kumuuliza, na aliamini kabisa kwamba anamsaidia. Afadhali angekuwa mwovu. Mtu mwovu ningemtukana nikapumua, lakini huyu aliniacha na matusi yangu kooni. Nilitoka nje nikalia kando ya barabara kwa hasira, watu wakidhani nimefiwa.

Nilipomweleza Mama, hakulia. Aliliendea debe la unga, akachukua Biblia yake, akaenda kanisani.

Kanisa lao lilikuwa linaezekwa upya. Akina mama wenzake wakayaomba mabati ya zamani, wakayaleta kwa Mama wameyabeba vichwani, wakaimba njia nzima. Matundu ya misumari ya zamani wakayaziba kwa lami. Fundi nilimleta mimi kutoka Migori, jirani yetu, Mkuria, mtu wa kabila jingine asiyetaka maneno mengi. Wazee wakaja wakasimama uani. Mmoja akamwonya kwamba akiitoa nyasi ya kwanza ataleta chira.

"Kwa nani?" fundi akauliza kutoka juu ya ngazi.

"Kwa hii boma."

"Mimi ni Mkuria. Hiyo yenu mtamalizana wenyewe. Mama, nipe misumari."

Akaivuta nyasi ya kwanza, ikaanguka miguuni pa wazee pamoja na panya. Hapo ndipo nilipocheka mara ya kwanza kwa muda mrefu. Katibu naye alikuwepo, nyuma ya wengine. Hakusaidia, hakuzuia. Aliyatazama mabati yakipanda, akatoa kalamu yake moja mfukoni, akaandika.

Ukurasa uliofuata ulisema: "Nyumba ya Nyar Kisegi imefanyiwa ukarabati kwa ushirikiano wa familia." Yaani ile nyumba mpya ilikuwa imeshakarabatiwa. Akina mama wa kanisa hawakutajwa. Fundi hakutajwa. Kuhusu jater, hapakuwa na neno. Mama hakulowa tena chini ya paa lake, lakini kila salamu iliyokuja kutoka mbali ilimwita mke wa Katibu, na wageni wa Krismasi walimletea zawadi wakazipeleka kwenye mlango wa buluu. Mke wa Katibu aliacha kumwitikia Mama salamu kisimani. Wanawake hao wawili walikuwa wamepanda pamoja, wamevuna pamoja na kunyonyeshana watoto, na Katibu aliona afadhali wapotezane kuliko yeye kuandika mstari mmoja.

Mara ya mwisho nilipomwona kwa karibu ilikuwa wodini Homa Bay, karne ikiwa ukingoni. Alikuwa amepata kiharusi. Mdomo ulikuwa umerudi mahali pake kidogo, lakini mkono wa kulia ulilala juu ya blanketi kama si wake. Nilikwenda na Mama, ambaye alikuwa amembebea uji. Nilimuuliza njiani kwa nini ampikie, akasema mgonjwa ni mgonjwa, na nisimletee maswali ya Migori. Alimnywesha kijiko kwa kijiko, akamfuta kidevu, wala hakumtazama kwa huruma wala kwa kinyongo.

Alipomaliza kunywa, Katibu akaniashiria kwa mkono wa kushoto nifungue droo ya kabati. Kalamu zake zote zilikuwa humo, zimefungwa kwa mpira.

"Chukua," akasema, maneno yakimtoka taratibu. "Websaiti isilale. Wewe ndiye utaandika."

Sitasema kwamba sikuguswa. Kulikuwa na wapwa na watoto wa kiume wa kutosha, naye akampa binti aliyeolewa. Hata siku ile aliweza kunifanya nimpende na kutaka kumtikisa kwa wakati mmoja. Nikachomoa kalamu moja, nikachukua karatasi iliyofungia mkate wake, nikaandika nikiwa nimesimama. Kisha nikamsomea, kwa sababu sikutaka kufanya jambo nyuma ya mgongo wake kama yeye alivyofanya.

"Nyar Kisegi hajarithiwa na mtu. Nyumba ya kwenye picha ni ya Katibu na mkewe. Nyumba ya Nyar Kisegi ilivuja tangu Baba alipofariki, na iliezekwa na akina mama wa kanisa. Nyar Kisegi hajambo."

Alifumba macho. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kutafuna muwa ili asikie.

"Ni kweli?" nikamuuliza. "Kuna kifaranga nimezidisha?"

Akatikisa kichwa kwamba sijazidisha. Chozi likamshukia upande ule wa uso usiotii.

"Ni kweli yote," akasema. "Lakini ngoja nife kwanza."

Alikuwa mzee mgonjwa, kitandani, akiniomba jambo dogo. Hasira yangu yote, niliyoibeba kutoka sokoni Migori hadi hapo, ilinilegea mkononi pamoja na ile karatasi, na ninakiri kwamba ningemkubalia.

Mama alikuwa anakaza kifuniko cha chupa ya uji. Aliiweka chupa kwenye kikapu, akajifunga leso vizuri, akasimama.

"Hapana, yuora," akasema. "Tuendelee."

Akanisukuma begani kuelekea mlangoni, nami nikashuka mbio hadi posta kabla hawajafunga.